Nani Ashike Mkataba? Fedha za Umma katika Ushirikiano wa Utamaduni wa Kimataifa



Simulizi za taarabu zinatuambia kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliwaleta wanamuziki wa Misri wamtumbuize kasrini, kisha akampeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni. Kijana yule aliporudi aliwafundisha wenzake. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na kikundi hicho kipo hadi leo. Mhasibu wa zama zetu akiitazama safari ile ataona mradi kamili wa ushirikiano wa kimataifa uliogharimiwa na hazina: mtoa fedha yupo, mnufaika yupo, nchi ya mafunzo ipo, na matokeo hayana mtathmini wa kuyabishia. Kinachonivutia mimi ni kitu kingine. Aliyelipa, aliyechagua nani aende, na waliokuja kufaidi muziki, wote walikuwa upande mmoja wa bahari. Sisemi haya kwa kuutamani usultani. Fedha zile zilitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na mikono ya watumwa. Nasema tu kwamba uamuzi ulikaa nyumbani.

Leo msanii wa Unguja, Tanga au Mwanza anayetaka kufanya kazi na wenzake wa ng'ambo hutegemea fedha za umma wa nchi nyingine. Sioni aibu katika hilo, wala sikuja kuwalaumu wafadhili, maana nimekula kwao kama wengi wenu. Nimekuja kuzungumzia karatasi. Hoja yangu ni kwamba usawa katika ushirikiano wa utamaduni hauamuliwi na maneno mazuri ya ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi. Unaamuliwa na vifungu vitatu vya mkataba: nani anatia saini, nani anatoa mchango wa mwombaji, na nani anasubiri salio. Sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa tukijadili dhamira za miradi kwa miaka mingi, na vifungu hivyo vitatu tumewaachia wahasibu.

Nianze na Ulaya, kwa sababu ndiko utaratibu huu ulikokomaa, na kwa sababu masharti tunayoyakuta huku mengi yalizaliwa kule.

Mkataba wa Maastricht, uliosainiwa 1992 na kuanza kutumika 1993, ndio ulioipa Jumuiya ya Ulaya kibali cha kugusa utamaduni. Kibali chenyewe kilikuwa na mipaka: isaidie na kuunga mkono, lakini isilazimishe sheria za utamaduni za nchi wanachama zifanane. Jumuiya iliyozuiwa kutunga sheria ikabaki na chombo kimoja tu cha kutendea kazi, nacho ni ruzuku. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja mipango mitatu midogo, Kaleidoscope kwa ajili ya sanaa, Ariane kwa vitabu na tafsiri, Raphael kwa urithi. Ikafuata Culture 2000, kisha mpango wa 2007 hadi 2013 uliotengewa euro milioni 400. Mwaka 2014 ukaanza mpango unaoitwa Creative Europe, ukiunganisha utamaduni na filamu, kwa euro bilioni 1.46 katika miaka saba. Wa sasa, wa 2021 hadi 2027, una takriban bilioni 2.44. Msidanganywe na ukubwa wa tarakimu: si chini ya asilimia 58 ya fedha hizo huenda kwenye filamu na tasnia ya picha na sauti. Utamaduni wenyewe, yaani muziki, tamthilia, ngoma, urithi, vitabu na kadhalika, umetengewa si chini ya asilimia 33.

Ndani ya fungu hilo kuna ruzuku za miradi ya ushirikiano, na hizi ndizo nataka mzielewe vizuri. Mradi mdogo unahitaji asasi tatu kutoka nchi tatu tofauti. Ruzuku yake haizidi euro 200,000 na hulipia asilimia 80 ya gharama. Mradi wa kati unahitaji asasi tano za nchi tano, hadi euro milioni moja, kwa asilimia 70. Mradi mkubwa unataka asasi kumi za nchi kumi, hadi milioni mbili, kwa asilimia 60. Kadiri mradi unavyokua, ndivyo sehemu inayolipwa na Ulaya inavyopungua. Maombi husomwa na watathmini wa nje, hupewa alama kati ya 100, na ombi lililo chini ya 70 huanguka. Aliyepata 70 naye asishangilie mapema, maana fedha hugawiwa kuanzia juu ya orodha hadi zitakapokwisha, na kila mwaka yapo maandiko mazuri yanayobaki chini ya mstari.

Sasa tazameni asilimia ile iliyobaki. Asasi zinazoomba euro 200,000 lazima zionyeshe bajeti ya 250,000, maana yake zitie 50,000 zao. Kwa shilingi za Tanzania ni zaidi ya milioni 100. Asasi ya Ufaransa, Ureno au Slovenia ina mahali pa kwenda kuzitafuta: manispaa yake, mkoa wake, wizara yake. Naomba tulishike hilo vizuri, kwa sababu watu wengi huiona Creative Europe kama mfuko mmoja mkubwa wa Brussels. Ukweli ni kwamba chini ya kila mradi unaofadhiliwa Brussels kuna fedha za umma za ndani zilizoutangulia. Ruzuku ya kimataifa imejengwa juu ya ruzuku ya nyumbani. Palipokosekana ya nyumbani, ya kimataifa haina pa kukanyaga. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi.

Kuna jambo la pili katika utaratibu wa Ulaya ambalo hatulitilii maanani, nalo ni kwamba kiti cha mezani hununuliwa na serikali. Norway na Iceland si wanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini asasi zao huomba kwa haki sawa na wengine, kwa kuwa serikali zao huchangia. Uswisi ilijikuta nje mwaka 2014, baada ya wananchi wake kupiga kura ya kuzuia uhamiaji na mazungumzo yake na Brussels kukwama. Wasanii wake walilipia kura ambayo haikuhusu sanaa hata chembe. Uingereza ilijiondoa katika Umoja, na haikutaka kubaki katika mpango huu. Na mwaka 2017 Tunisia ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia Creative Europe. Tangu hapo asasi ya Tunis imeweza kuwa mwombaji mkuu, ikawaita Waitaliano na Wagiriki wawe wenza wake. Sipendekezi Dodoma au Nairobi ikaombe kiti Brussels, maana mlango ule umefunguliwa kwa majirani wa Ulaya tu. Ninachotaka tuone ni kwamba msanii wa Tunisia hakupewa usawa kwa hisani ya mtu. Serikali yake ilikaa ikajadiliana, ikatia saini, ikalipa.

Turudi kwenye vifungu vyangu vitatu, na hapa nitakaa kidogo.

Mtia saini, kwa lugha ya mikataba hii, ni mratibu. Fedha zote huingia katika akaunti yake. Yeye ndiye huzigawa kwa wenza, hukusanya ripoti, huandika barua kwa mfadhili. Wenza hawamwoni mfadhili. Wakitaka kubadilisha mstari mmoja wa bajeti, humwomba mratibu, naye akiona inafaa huomba kwa niaba yao. Ukizisoma bajeti za miradi ya Kaskazini na Kusini kama nilivyozisoma mimi, nikiwa mwombaji na nikiwa mtathmini, utakuta mpangilio unaojirudia mpaka unachosha. Upande wa mratibu kuna mishahara: meneja wa mradi, afisa fedha, afisa mawasiliano. Juu yake kuna asilimia 7 kwa gharama za uendeshaji, ambayo Ulaya huiruhusu bila kudai stakabadhi. Upande wetu kuna nauli, malazi, chakula na posho. Mradi ukiisha, kule hubaki watu waliolipwa kufikiri, kuandika na kujenga uzoefu wa kuandika andiko jingine. Huku hubaki picha za warsha. Miaka ikipita, mwenye uzoefu ndiye anayeandika vizuri, anayeandika vizuri ndiye anayetia saini, na mnajua mzunguko huo unaishia wapi.

Mchango wa mwombaji nimeshauelezea. Niongeze tu kwamba mchango wetu upo, ila hauhesabiki. Familia ya Mkunazini inayowalaza wageni chumbani kwa watoto, fundi anayeacha karakana yake akawaonyeshe wageni namna ya kuwamba ngoma, mzee wa gambusi anayefundisha tangu alasiri hadi usiku bila kutazama saa, hao wote wametoa. Lakini masharti ya ruzuku za aina hii kwa kawaida hayakubali mchango wa vitu na ukarimu uhesabiwe kama fedha. Mwenzetu wa Ulaya aliyepewa hundi na manispaa amechangia. Mzee wa gambusi ameshiriki tu. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo hili lilijadiliwa kwa uungwana mkubwa, kila mmoja akikubali kwamba si haki, na kikao kikafungwa bila neno moja la mkataba kubadilika.

Kisha kuna salio, na hapa ndipo asasi ndogo hufa. Ruzuku hailipwi yote mwanzoni. Hutolewa malipo ya awali, pengine na awamu ya katikati, na kipande cha mwisho huja baada ya ripoti kupokewa, kukaguliwa na kukubaliwa. Kazi imekwisha, wasanii wameshalipwa au wanadai, na fedha bado haijaja. Asasi yenye akiba au yenye benki inayoiamini hukopa ikasubiri. Asasi ya Bagamoyo au Lamu humkopa mkurugenzi wake. Namfahamu mkurugenzi wa kikundi kimoja cha pwani, sitakitaja, aliyeuza pikipiki yake ili wapiga ngoma walipwe kabla ya Idi, huku ripoti ikisubiri meneja wa mradi ng'ambo arudi kutoka likizo. Juu ya hapo weka sarafu: mkataba umeandikwa kwa euro, matumizi ni kwa shilingi, na hasara ya kubadilisha fedha, katika mikataba ya Umoja wa Ulaya inayotujia sisi, haikubaliki kama gharama. Shilingi ikiyumba, aliyeumia ni mshirika aliyelipa kwa shilingi.

Tangu 2021 miradi ya ushirikiano ya Creative Europe imehamia kwenye malipo ya jumla. Mkaguzi haulizi tena stakabadhi moja moja. Huuliza kama kazi mliyoahidi imefanyika. Wengi walishangilia, nami nilishangilia nao, kwa sababu nani hajapoteza usiku akimtafutia risiti ya EFD mwuza ngozi wa mnadani? Lakini soma upande wa pili wa kifungu. Fungu la kazi lisilokamilika halilipwi. Sasa chukua mradi wenye onesho la pamoja mjini Marseille, na washiriki wawili kati ya sita kutoka Afrika wamenyimwa viza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na haurudishiwi unapokataliwa. Nchi ile ile iliyochangia mradi kupitia wizara yake ya utamaduni ndiyo iliyokataa viza kupitia ubalozi, na hatari ya onesho kutokamilika ameachiwa msanii na asasi yake. Mfadhili anayetaka ushirikiano wa kweli aanze kwa kuandika ndani ya mkataba kwamba kazi iliyokwamishwa na viza italipwa. Ni sentensi moja. Sijaiona bado.

Nitoke Ulaya nije Unguja, mahali ambapo athari za vifungu hivi zinaonekana kwa macho.

Katika miaka michache mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, Mji Mkongwe ulipata taasisi tatu ambazo miji mikubwa kuliko huo haina. Tamasha la Nchi za Jahazi, linalojulikana zaidi kama ZIFF, lilianza na filamu mwishoni mwa miaka ya 1990. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa 2002, kikaishi miaka mingi katika jengo la zamani la forodha, kikifundisha kanuni, udi, fidla na ngoma kwa vijana ambao vinginevyo wangejifunzia vikundini kwa bahati tu. Sauti za Busara ikafanyika mara ya kwanza Februari 2004, Ngome Kongwe ikawa jukwaa la wanamuziki wa bara zima. Zote tatu zilijengwa kwa akili na jasho la watu wa hapa na marafiki zao, na zote tatu zilisimama, kwa sehemu kubwa, juu ya fedha za umma za nchi nyingine: balozi, mashirika ya maendeleo, vituo vya utamaduni vya kigeni.

Tukafika 2016. Sauti za Busara ya mwaka huo haikufanyika. Waandaaji walitangaza wazi kwamba fedha hazikutosha, baada ya tamasha kwenda miaka mingi huku ubalozi wa Norway ukiwa miongoni mwa wafadhili wake wakubwa. Lilirudi Februari 2017, na linaendelea, kwa hiyo msinielewe kwamba nalizika. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Chuo cha Muziki kutangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango. Nacho kilinusurika. Tukumbuke tu kwamba wakati huo wahitimu wa chuo hicho, Siti Amina na wenzake wa Siti and the Band wakiwemo, walikuwa tayari wanapanda majukwaa ya nje na kuitangaza Zanzibar kwa gharama ambayo hazina ya Zanzibar haikuilipa.

Niliwasikia watu wakisema wakati ule kwamba wafadhili ni watu wasiotegemeka. Sikubaliani nao. Ubalozi unaotoa ruzuku kwa miaka mingi umetegemeka vya kutosha; mkataba una tarehe ya mwisho na kila aliyeutia saini aliiona. Aliyekosekana ni mwenye nyumba. Watalii waliojaza hoteli za Unguja kila Februari walilipa kodi, na kodi ile haikupata mkondo wa kurudi Ngome Kongwe kama ruzuku. Mcheza kwao hutunzwa, twasema, na katika ukumbi wa taarabu kila mtu hufanya hivyo kwa noti mkononi. Serikali zetu huja ukumbini, hukaa viti vya mbele, na hutunza kwa hotuba.

Siyo kwamba hatujajaribu. Tanzania ilipata Sera ya Utamaduni mwaka 1997, na mwaka uliofuata, kwa makubaliano kati ya Serikali yetu na ya Sweden, ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania. Mfuko ule ulitoa ruzuku kwa vikundi, waandishi, wachapishaji na watunza urithi, ukatoa na tuzo ya Zeze, iliyokuwa na heshima yake. Kwa maoni yangu ulikuwa chombo bora kabisa cha fedha za utamaduni ambacho nchi hii imewahi kuwa nacho, kwa sababu uamuzi ulifanyika Dar es Salaam, na watu walioamua walijua tofauti ya ngoma ya mganda na ya mdumange. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, kwamba chemchemi ilikuwa Stockholm. Sweden ilipoondoa mkono, Mfuko ulififia. Miaka ya karibuni umefufuliwa kama Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na unatoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Mikopo ina kazi yake. Mwenye studio ya kukodisha au mshona mavazi ya harusi atakopa na atalipa. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekopa benki kwa riba ili alipie mchango wa mradi wa kuhifadhi nyimbo za kazi za Wamakonde. Mradi ule hauzalishi marejesho. Hiyo ndiyo sababu ya ruzuku kuwepo duniani.

Kilwa inatufundisha upande mwingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa huko 2014. Kutolewa huko kuligharimiwa na wengi: Ufaransa na Japani zilitia mkono, na Marekani ilitoa fedha kupitia mfuko wa mabalozi wake wa kuhifadhi utamaduni. Kazi ilikuwa nzuri. Kuta zilizokuwa zinaliwa na bahari zilishikwa, mikoko ikapandwa, wanakijiji wakajifunza kazi ya chokaa, na kamati za magofu zikapewa nafasi. Fedha za Marekani, hata hivyo, zilipitia World Monuments Fund ya New York, ikifanya kazi pamoja na Idara yetu ya Mambo ya Kale. Nawaheshimu waliofanya kazi ile. Nauliza tu swali la mwanafunzi: Idara ya Serikali yenye wataalamu waliosoma, iliyolinda magofu hayo tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa, ilikosa nini mpaka isiwe yenyewe mshika mkataba? Jibu nililolipata kila nilipouliza ni lile lile. Haina fungu la mchango, haina uhuru wa akaunti, na haina afisa ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimamia mikataba ya aina hiyo.

Nairobi wamepiga hatua ambayo inafaa tuitazame bila wivu. Ulaya ilipotenga fedha kwa utamaduni wa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki na kuzigawa kwa kanda, upande wa Afrika Mashariki mpango uliitwa Ignite Culture, na aliyeuongoza ni HEVA Fund ya Nairobi akishirikiana na British Council. Fedha zikatolewa tena kwa asasi za kanda hii kama ruzuku ndogo. Kanuni za fedha za Umoja wa Ulaya kwa kawaida huweka ukomo wa euro 60,000 kwa anayepewa kwa njia hiyo, kiasi ambacho asasi ya Arusha au Bujumbura inaweza kukibeba bila kuvunjika mgongo. Mwamuzi alikuwa mtu anayejua bei ya ukumbi Kampala na nauli ya basi la Kigoma. Nimesoma maandiko yaliyoandikwa kwa ajili ya mwamuzi wa aina hiyo na yaliyoandikwa kwa ajili ya Brussels, na mwandishi akiwa yule yule mmoja, haya ya kwanza yana watu ndani yake.

Napendekeza nini, basi? Napendekeza kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikianza na Tanzania kwa kuwa ndiyo ninayoilipa kodi, itenge fungu la mchango wa mwombaji. Fungu hili lisianzishe miradi. Kazi yake iwe kulipa ile asilimia 20, 30 au 40 kwa asasi ya hapa iliyopata ruzuku ya kimataifa kama mwombaji mkuu, na kuikopesha bila riba kiasi cha salio mpaka mfadhili atakapolipa. Mantiki yake ya fedha ni nyepesi. Shilingi moja iliyowekwa katika mradi wa asilimia 80 huleta nne kutoka nje. Waziri wa Fedha anayeitafuta fedha ya kigeni kwa tochi angefaa aisikie hesabu hiyo kabla ya mtu mwingine.

Mtaniuliza zitoke wapi. Serikali zetu tayari hutumia fedha kwa ushirikiano wa utamaduni. Tamasha la utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, lilianza Kigali 2013, likaenda Nairobi, Kampala, na mwaka 2019 likaja Dar es Salaam. Misafara husafirishwa, hulishwa, huvishwa sare, hucheza na kurudi. Mimi hulipenda tamasha hilo. Nimeona vijana wa Burundi na wa Pemba wakibadilishana midundo nyuma ya jukwaa, nje kabisa ya ratiba. Lakini baada ya wiki ile hakuna mfuko unaowawezesha vijana wale kuonana tena. Sehemu ya fedha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye fungu la mchango, pamoja na ruzuku ndogo za nauli ndani ya kanda, ingezaa ushirikiano wa mwaka mzima. Babu zetu wa ngoma ya beni waliweza zaidi kwa kidogo: vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na matawi katika miji mingi ya pwani na bara, vikiandikiana barua, vikipokea wageni wa tawi jingine, vikilipa kwa michango ya wanachama.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko lile la fedha. Serikali ikishika fungu, itawapa wanaoisifu. Msanii wa kampeni atapata, mwenye ulimi mkali atakosa. Hofu hiyo ina msingi, na wanaonicheka kwa kuiamini Serikali wana haki ya kunicheka. Ndiyo maana nasema fungu hili lisikae Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Sheria ya 1984 iliyoliunda Baraza hilo imelipa kazi ya kukuza sanaa, na Baraza limekuwa pia likisajili, likitoa vibali na kufungia nyimbo. Mwenye mamlaka ya kufungia wimbo asiwe mwenye kutoa ruzuku kwa mtunzi wake. Na uzuri wa fungu la mchango ni kwamba halichagui mradi. Mradi umeshachaguliwa kwingine kwa ushindani, na fungu linalipa kwa kanuni moja kwa kila aliyefaulu, awe mshairi wa sifa au wa shutuma. Afisa hana nafasi ya kuonyesha mapenzi yake. Najua pia kwamba michango ya nchi wanachama kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe hucheleweshwa kila mwaka, na kwa hiyo nasema tuanze na fungu la kitaifa, la kanda lifuate litakapofuata.

Wapo watakaosema UNESCO inatosha. Mkataba wa 2005 wa kulinda na kukuza uanuwai wa kazi za utamaduni, katika ibara ya 18, uliunda mfuko wa kimataifa, na ruzuku yake ina ukomo wa dola 100,000. Ibara ya 16 inazitaka nchi tajiri ziwape wasanii wa nchi zinazoendelea upendeleo, pamoja na kuwarahisishia safari. Ibara ya 16 ni nzuri sana. Waulizeni wasanii waliopanga foleni ya viza. Na mfuko wa ibara ya 18 huishi kwa michango ya hiari, kwa hiyo maombi huuzidi uwezo wake mara nyingi. Tuutumie, lakini tusijenge nyumba juu yake.

Kwa wafadhili na mabalozi mliopo nina maombi mawili. La viza nimeshalitaja. La pili, ruhusuni asilimia ile ya gharama za uendeshaji igawanywe kwa wenza wote kulingana na kazi, na iandikwe hivyo ndani ya mkataba, isiachwe kwa wema wa mratibu.

Kwa wanafunzi wangu wa usimamizi wa sanaa: jifunzeni kusoma bajeti kabla ya kujifunza kuandika dhamira. Mkiletewa barua ya ushirikiano mtie saini leo kwa sababu muda wa maombi unaisha usiku, daini kwanza jedwali la fedha. Mshirika wa kweli atalituma.

Na kwa wenzetu wa Wizara, ambao nafurahi kuwaona safu ya mbele: bajeti ya Serikali husomwa Dodoma mwezi Juni, na mafungu yake huandaliwa miezi mingi kabla. Andiko la fungu la mchango wa mwombaji, lililopangwa kifungu kwa kifungu pamoja na makadirio yake, tumeshaliandaa hapa idarani na nakala ziko mlangoni. Chukueni, lijadilini, likosoeni, kisha liingizeni katika makadirio ya mwaka ujao.